Kutoka Rumonge hadi Sikonge: safari ya kurudi nyumbani kushukuru

Nimeiandika simulizi hii nikiwa nyumbani Sikonge, mkoani Tabora, Tanzania, kwa kuunganisha maelezo mafupi niliyokuwa nikiyaweka daftarini njiani na picha zilizomo katika simu yangu. Nimewaandikia ndugu wa ushirika wetu waliotaka kujua njia ilivyokuwa, na pia mtumishi yeyote wa Injili atakayepita siku zijazo kati ya Burundi na Tabora. Mimi ni mwinjilisti wa Kanisa la Moravian, na ninahudumu Rumonge, mji wa Burundi ulio kando ya Ziwa Tanganyika, miongoni mwa familia ambazo nyingi zimewahi kuishi mkoani kwetu.

Jambo hilo la mwisho linahitaji maelezo. Mwaka 1972, mauaji yalipotokea Burundi, maelfu ya watu walikimbilia Tanzania, na wengi wao wakapewa ardhi katika makazi ya Ulyankulu hapa Tabora, na ya Katumba na Mishamo upande wa Mpanda. Walifyeka msitu, wakalima, wakajenga makanisa na kulea watoto. Miaka mingi baadaye waliambiwa wachague: kurudi Burundi au kuomba uraia wa Tanzania. Zaidi ya watu 160,000 walipewa uraia mwaka 2014, lakini maelfu wengine walikuwa wamekwisha kurudi Burundi, hasa Rumonge na Nyanza-Lac, na hao ndio ninaosali nao. Wanaimba nyimbo nilizofundishwa na bibi yangu, tena kwa sauti zile zile nne.

Jumatano: Rumonge hadi Nyanza-Lac

Siku ya kuondoka niliamka saa kumi na moja alfajiri, kama ilivyo desturi yangu huko. Saa za Burundi ziko nyuma ya zetu kwa saa moja, kwa hiyo saa kumi na moja ya Rumonge ni saa kumi na mbili ya Sikonge, na hiyo ndiyo saa ambayo mama yangu huketi kusoma fungu la siku. Wamoravian tuna mafungu ya Biblia ya kila siku, yaliyoanza kuchapwa kama kitabu mwaka 1731 huko Herrnhut, Ujerumani, na hadi leo wanaoyafuata katika nchi mbalimbali husoma fungu lile lile siku ile ile. Tangu nilipofika ugenini nimeamka saa hiyo ili mama na mimi tusome pamoja, ingawa hatuonani wala hatusikizani. Nikiulizwa ni nini kilichonishikilia katika miezi ya mwanzo, nilipolazwa na homa katika nyumba ambayo sikujua hata jina la jirani, hujibu kwamba ni hilo: kujua kwa hakika kwamba saa ile ile, mahali fulani ninapopajua, kuna mtu anasoma neno ninalolisoma, kisha ananitaja mbele za Mungu.

Basi dogo tulilopanda lilisubiri mafuta tangu alfajiri hadi baada ya adhuhuri, maana uhaba wa petroli na dizeli umeisumbua sana Burundi katika miaka hii. Hakuna aliyepandisha sauti. Mzee mmoja aliyekaa karibu na dirisha alinipa nafasi yake kwa sababu ya jua, na mama aliyekuwa akipeleka maparachichi kwa binti yake aliyejifungua alinipa mawili, akakataa noti niliyomnyoshea. Umbali wenyewe haufiki kilomita 60, lakini barabara ilikuwa na mashimo mengi, na kwa sehemu kubwa tulikwenda kwa mwendo wa baiskeli, ziwa likiwa mkono wa kulia na michikichi mkono wa kushoto. Tuliingia Nyanza-Lac kiza kimeshaingia.

Kwa atakayepita huko: usipange kusafiri Burundi Jumamosi asubuhi, kwa kuwa hizo ni saa za kazi za pamoja za jamii na magari ya abiria husimama. Panga kuondoka katikati ya juma, na uweke akiba ya siku moja kwa ajili ya mafuta.

Sikulala katika nyumba ya wageni. Familia moja ya ushirika wa huko ilikuwa imesikia kwamba ninapita, wakamtuma kijana wao anisubiri stendi tangu saa tisa. Mama mwenye nyumba alizaliwa Ulyankulu, akasoma huko hadi darasa la saba, akaolewa huko. Alinipikia kisamvu cha mawese, ndizi na samaki wa kuchoma, akanitengea maji ya moto ya kuoga bila kuniuliza. Baada ya chakula alinisimulia jinsi wazazi wake walivyokimbia mwaka 1972 wakiwa na jembe moja na mtoto mgongoni, na jinsi yeye mwenyewe alivyorudi na mumewe mwaka 2008, akakuta shamba la babake linalimwa na familia nyingine iliyokuwa imekaa hapo zaidi ya miaka thelathini. Shauri lilichukua muda mrefu, na mwishowe wakagawana shamba nusu kwa nusu. Leo familia hizo mbili zinachota maji mahali pamoja, na watoto wao wanaimba kwaya moja.

Aliniambia, "Dada, wewe una mahali pa kurudi, na utawakuta waliokulea. Ukifika, tusalimie watu wa Ulyankulu, na uwaambie kwamba bado tunaimba."

Nilikaa macho muda mrefu usiku ule. Sisi tunaotumwa nje tumezoea kuomba tuombewe kwa sababu ya kuwa mbali na nyumbani, na maombi hayo ni ya haki. Lakini mimi nyumba yangu ipo, makaburi ya wazee wangu yapo, na njia ya kwenda huko ni siku chache tu za vumbi. Mama yule alipoteza nyumba mara mbili: mara ya kwanza kabla hajazaliwa, mara ya pili alipofunga mizigo Ulyankulu. Imani aliyoipokea kwetu ndiyo aliyoweza kubeba bila kuigawa nusu. Nilimshukuru Mungu kwa ajili yake na kwa ajili ya wale wa Tabora waliomfundisha akiwa mtoto, ambao pengine hawajui mbegu yao imeota wapi.

Alhamisi: mpaka wa Manyovu na kuingia Kigoma

Kutoka Nyanza-Lac nilikwenda kwa pikipiki hadi Mabanda, njia ikipanda vilima na hewa ikizidi kuwa baridi, kisha kwa gari dogo hadi mpakani Mugina. Kijana wa pikipiki alilifunga dumu langu la mawese kwa kamba mbili na kipande cha mpira, akasimama mara mbili njiani kulikagua, kwa sababu nilikuwa nimemwambia kwamba ni sadaka iliyotolewa na akina mama wa Rumonge kwa ajili ya sikukuu ya mavuno ya kwetu. Nilipomlipa alirudisha sehemu ya pesa na kusema kuwa hiyo nayo iwe sadaka.

Mpakani mambo yalikwenda vizuri. Mtanzania anahitaji pasipoti au hati ya dharura ya kusafiria, pamoja na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, ambayo ni vyema kuishika mkononi kabla ya kuulizwa. Badilisha faranga zako zote kabla ya kuondoka hapo, na uhesabu pesa ukiwa bado umesimama mbele ya anayekubadilishia. Kumbuka pia kusogeza saa yako mbele kwa saa moja.

Manyovu ni juu, milimani, kwenye migomba na kahawa, na barabara ya lami inayoshuka kutoka huko ni laini. Nilipanda gari la abiria kwa shilingi 6,000. Konda alipogundua kwamba natoka Burundi na ninakwenda Sikonge alinitangaza kwa abiria wote, na kuanzia hapo kila mtu aliniuliza habari za ng'ambo. Nikasikia Kiha, Kiswahili cha Kigoma na mahubiri ya redioni kwa wakati mmoja. Tulipopita Mwandiga na ziwa likaonekana tena, upande wa kwetu safari hii, nililia kidogo, na bibi aliyekaa kando yangu akanishika mkono bila kuuliza sababu.

Kigoma nilipata chumba safi katika eneo la Mwanga kwa shilingi 20,000. Jioni nilikula ugali wa muhogo na mgebuka wa kukaanga kwa shilingi 5,000, mboga ikiwa imeongezwa bure.

Ijumaa: Ujiji, na treni ya jioni

Asubuhi nilikata tiketi ya daraja la pili kulala, ambayo hadi Tabora haikufika shilingi 30,000. Siku na saa za treni hubadilika, kwa hiyo ni vyema kuuliza stesheni siku chache kabla, au kumtuma mwenyeji akuulizie. Mabasi yapo kila siku kwa anayependa barabara, lakini mwenye mizigo na mgongo mbovu atafurahia treni zaidi. Baada ya hapo nilikuwa na siku nzima, nikaenda Ujiji.

Nilitaka kuona mahali ambapo mwandishi wa habari Henry Morton Stanley alimkuta mmisionari na mpelelezi David Livingstone mwezi Novemba 1871. Pana mnara, jumba la makumbusho na miembe inayotokana na ile ya zamani. Wengi hukumbuka salamu yao tu. Mimi nilikwenda kwa sababu ya mfuko wa barua. Stanley alikuja na mfuko wa barua za Livingstone zilizotiwa alama ya Novemba 1870, ambazo zilikuwa zimekwama Unyanyembe, yaani Tabora, na mtu yule aliyekuwa mgonjwa, ameishiwa na ameachwa bila habari za watu wake, akazipokea mwaka mzima baadaye. Kati ya Unyanyembe na Ujiji barabara ilikuwa imefungwa na vita vya Mtemi Mirambo, hata Stanley alilazimika kuzunguka upande wa kusini. Zilizobeba mizigo ya msafara kama ule ni shingo na mabega ya wapagazi, na wapagazi waliosifika kuliko wote katika njia ile walikuwa Wanyamwezi, watu wa kwetu. Nilisimama pale nikawashukuru watu ambao majina yao hayakuandikwa kwenye mnara, kwa sababu najua barua ya nyumbani inavyomfanya mtumishi ainuke kitandani.

Livingstone alikufa mwaka 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia, na watumishi wake Chuma na Susi pamoja na wenzao wakaubeba mwili wake hadi pwani, wakipitia Unyanyembe. Walipofika huko walishauriwa na Wazungu waliowakuta wauzike mwili pale pale, wakakataa, wakaendelea na safari. Waliona kwamba mtu apelekwe kwao. Nimewaza sana juu ya uamuzi huo, maana waliochukua taabu ile ndio waliojua thamani ya nyumbani.

Sokoni Ujiji nilikutana na mama mmoja muuza chakula, Mwislamu, ambaye aliponisikia nikiulizia mahali pa kuweka begi na dumu aliniita ndani ya banda lake. Nilipomweleza kazi yangu alisema, "Mwanangu, anayemtumikia Mungu mbali na mamaye ni mgeni wa kila mama." Alinipa wali na dagaa, akanifungia vitumbua vya kula njiani, akanitaka nimpelekee mama yangu salamu zake. Alipokea shilingi 2,000 tu, tena baada ya kumsihi. Adhuhuri alipokwenda kuswali mimi nililinda sufuria zake, na nilipotoka kuangalia mnara yeye alikuwa amelinda mizigo yangu.

Treni iliondoka jioni. Reli hii ilijengwa na Wajerumani, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na kwa kuwa ni ya njia moja treni husimama mara kwa mara kupisha nyingine. Uvinza abiria walinunua chumvi dirishani, chumvi ile ile iliyouzwa nchi nzima ya kati tangu kabla ya wakoloni, na Nguruka walipandishwa samaki wakavu ambao harufu yao tulikaa nayo hadi asubuhi. Nyakati nyingine nililala.

Chukua blanketi. Mwezi wa saba baridi ya usiku katika msitu wa Malagarasi ni kali, na dirisha la behewa huenda lisifunge vizuri. Mwenye kubeba mawese aliweke dumu ndani ya mfuko wa nailoni, kisha ndani ya ndoo, kwa sababu mtikisiko ni mwingi.

Jumamosi: Urambo, Tabora, Sikonge

Alfajiri tulikuwa Urambo. Nilikuwa nimemwomba mhudumu wa behewa aniamshe, naye alikuja na kikombe cha chai ambacho sikuwa nimekiagiza. Nilitaka kuwa macho mahali hapo. Mwaka 1879 Mirambo, yule yule aliyeifunga njia ya barua miaka minane nyuma, aliwapokea wamisionari waliotumwa kutoka London na kuwapa mahali pa kukaa. Mmoja wao, Dakta Ebenezer Southon, alikufa huko mwaka 1882. Mwaka 1898 kazi hiyo ilikabidhiwa kwa Wamoravian, na kutoka Urambo Injili ikaelekea kusini na mashariki hadi kwetu Sikonge. Nilisoma fungu la siku pale dirishani, saa kumi na mbili kamili, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu saa yangu na saa ya mama zilikuwa moja.

Nimefundisha mara nyingi kwamba wamisionari walituletea imani, na ni kweli. Lakini nikiwa nje nimejifunza kumshukuru Mungu pia kwa ajili ya aliyefungua mlango. Bila mwenyeji, mtumishi wa Injili ni mtu aliyesimama njiani na mizigo yake. Mimi nilifunguliwa mlango Rumonge, na waliofungua walikuwa watu ambao wazee wangu waliwafungulia mlango Ulyankulu.

Tabora tulifika kabla ya adhuhuri. Dada yangu alinisubiri stesheni na matobolwa na karanga za kuchemsha, akanikumbatia kabla sijaweka mguu chini vizuri. Tulikwenda stendi moja kwa moja, na gari la Sikonge likatuchukua kwa barabara ya lami katikati ya miombo iliyoanza kupukutisha majani, mizinga ikining'inia mitini. Saa tisa alasiri nilikuwa mlangoni kwa mama.

"Mwangaluka, mayu," nilimsalimu mama kwa salamu ya asubuhi ya Kinyamwezi, ingawa haikuwa asubuhi tena, kwa sababu ndiyo salamu niliyokuwa nimeitamani kila siku. Alinishika uso kwa mikono miwili, akaomba kabla ya kuniuliza lolote. Kisha akaniuliza kama mtoto wa jirani yangu wa Rumonge aliyekuwa na degedege amepona. Nilikuwa nimemtaja mtoto huyo kwenye simu mara moja tu, miezi mingi nyuma. Mama alikuwa akimwombea kwa jina kila asubuhi.

Jumapili: sikukuu ya mavuno

Bibi yangu alikuwa mhudumu wa wagonjwa wa ukoma hapa Sikonge, katika siku ambazo watu waliogopa hata kupita karibu nao. Alikuwa akisema kwamba aliwaosha vidonda huku akiimba ili wasisikie aibu. Ibada ya Jumapili ilianza na mojawapo ya nyimbo zake, na wakati kwaya ilipoingia na mahindi, mtama, michembe, asali, mbuzi na kuku, na pale juu ya madhabahu Mwanakondoo wa nembo ya kanisa letu akiwa amebeba bendera yake, nilishindwa kuimba ubeti wa pili.

Niliitwa mbele kutoa salamu. Nilisoma barua ya akina mama wa Rumonge, nikafikisha salamu za yule mama wa Nyanza-Lac kwa watu wa Ulyankulu, na mzee mmoja wa kanisa aliyewahi kufundisha shule huko akasimama na kuuliza jina la baba wa mama huyo. Nilipolitaja alijibu, "Huyo nilimfundisha kusoma." Alirudi kukaa na hakusema zaidi.

Baada ya ibada ukafuata mnada wa mavuno uwanjani. Kuku wa kwanza aliuzwa shilingi 15,000. Dumu la mawese la lita tano lilipotajwa kwamba ni sadaka kutoka Burundi, lilinunuliwa kwa shilingi 40,000, na aliyelinunua akalirudisha mezani liuzwe tena. Likanunuliwa na kurudishwa hivyo, mkononi kwa mfanyabiashara wa asali, kwa muuguzi, kwa vijana wa kwaya waliochanga, hadi likafikia jumla ya shilingi 310,000. Mwenyekiti wa akina mama aliomba pesa hizo zisiingie katika mfuko wa ujenzi bali zinunue vitabu vya nyimbo vya Kiswahili kwa ajili ya Rumonge, kwa kuwa vile vilivyoko huko vimechakaa na vingine vilibebwa tangu Ulyankulu. Ushirika wote ulikubali kwa kunyosha mikono.

Mama alilichukua dumu lenyewe nyumbani, kwa kuwa mnunuzi wa mwisho alimpa yeye. Vitabu vimekwisha kuagizwa Tabora, na nitavibeba mwezi ujao kwa treni hadi Kigoma, kisha Manyovu, nikiwa na orodha ya majina ya watoto wa Rumonge niliyoiandika nakala mbili: moja ni yangu, na nyingine mama ameiweka ndani ya Biblia yake.